Siku za Mwanzo Istanbul: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayeingia Istanbul kwa mara ya kwanza, awe mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayefuata nguo, mwanafunzi aliyepata ufadhili, au msafiri aliyejipa siku mbili tatu kabla ya kuunganisha ndege nyingine. Bei nyingi hazikutajwa kwa makusudi. Lira ya Uturuki imeshuka thamani kwa kasi kubwa katika miaka ya karibuni, na bei inayoandikwa leo huwa kichekesho baada ya miezi michache.

Mji umekaaje, na nitajuaje niko upande gani?

Istanbul umegawanywa na maji kabla ya kugawanywa na kitu kingine chochote. Mlango wa bahari wa Bosporus, wenye urefu wa kilomita 30 hivi, unatoka Bahari Nyeusi upande wa kaskazini na kuingia Bahari ya Marmara upande wa kusini, na hivyo kuuacha mji ukiwa na sehemu moja Ulaya na sehemu nyingine Asia. Upande wa Ulaya nao umekatwa na ghuba nyembamba iitwayo Haliç. Kusini mwa ghuba hiyo kuna mji mkongwe, wenye Sultanahmet, Eminönü, soko kuu la kale, Laleli na Aksaray. Kaskazini mwake kuna Galata, Taksim na Şişli. Ng'ambo ya Bosporus kuna Üsküdar na Kadıköy. Mgeni anayevishika vipande hivi vitatu kichwani, hata kama hajui jina la mtaa hata mmoja, hapotei kwa muda mrefu.

Ramani ya simu itakusaidia, lakini ina udhaifu mmoja: haikuonyeshi vilima. Mahali panapoonekana kuwa mita 300 tu huenda pakawa ni ngazi mia moja na zaidi, na mtu aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa, ambako ardhi ni tambarare, atashangaa jinsi magoti yanavyouma jioni. Faida ya vilima ni kwamba vinakupa kanuni nyepesi ya kujinasua. Ukipotea katika sehemu za kati za mji, teremka. Mteremko mwingi huishia majini, na majini huwa kuna gati, na kwenye gati kuna chombo cha kukupeleka mahali unapopajua.

Nikitua, nifikeje mjini?

Kwanza hakikisha unatua uwanja gani, kwa sababu viko viwili na viko mbali mno. Uwanja mkuu, wenye alama IST kwenye tiketi, ulifunguliwa mwaka 2018, ukachukua safari zote za abiria za uwanja wa zamani wa Atatürk mwezi Aprili 2019, na uko kaskazini upande wa Ulaya. Uwanja wa Sabiha Gökçen, wenye alama SAW, uko upande wa Asia. Mtu anayebadilisha ndege kutoka uwanja mmoja hadi mwingine inampasa kuvuka mji mzima, na kwa foleni za Istanbul hiyo ni kazi ya nusu siku.

Kutoka IST ipo treni ya chini ya ardhi, njia ya M11, ambayo tangu Januari 2024 inafika hadi Gayrettepe, na hapo unabadilisha kuingia njia ya M2 inayopita Osmanbey na Taksim, ikavuka Haliç hadi Vezneciler na Yenikapı. Yako pia mabasi ya uwanja wa ndege yaitwayo Havaist, ambayo hutembea usiku na mchana, na hayo ndiyo ninayompendekezea mwenye mabegi makubwa, kwa kuwa kuhama njia ya treni na masanduku mawili ya kilo 23 si jambo la mzaha. Kutoka SAW kuna njia ya M4 inayoishia Kadıköy, ambako utapanda chombo cha majini hadi upande wa Ulaya. Kwa kawaida treni huanza saa kumi na mbili asubuhi na kusimama usiku wa manane, kwa hiyo anayetua saa tisa usiku ategemee basi au teksi.

Nipange chumba mtaa gani?

Inategemea kilichokuleta. Anayefuata mzigo hukaa Laleli au Aksaray, karibu na maduka ya jumla na ofisi za kusafirisha mizigo, ingawa mitaa hiyo ina kelele na huchelewa kulala. Anayetaka kuona majengo ya kale hukaa Sultanahmet, ambako kila kitu kiko karibu na kila chakula kina bei ya mgeni. Kwangu mimi, mtu mwenye siku nne au zaidi angefaidi zaidi Kadıköy, kwa sababu huko atawaona wenyeji wakiishi maisha yao, na safari yake ya kila asubuhi itakuwa ya majini.

Nauli hulipwaje?

Kwa kadi iitwayo Istanbulkart. Inanunuliwa kwenye mashine za manjano zilizoko uwanja wa ndege na kwenye vituo vikubwa, inaongezwa salio kwenye mashine hizo hizo, na inatumika kwenye treni, tramu, mabasi na vyombo vya majini. Ukihama kutoka chombo kimoja hadi kingine ndani ya muda maalumu, safari inayofuata hupunguzwa nauli.

Jambo moja huwaponyoka wageni wengi. Kwenye treni ya Marmaray na kwenye mabasi ya njia maalumu yaitwayo Metrobüs, kadi hukatwa nauli ya safari nzima mwanzoni, kana kwamba unakwenda hadi mwisho wa njia. Ukishuka mapema, igusishe kadi kwenye mashine ndogo iliyoandikwa "iade" karibu na mlango wa kutokea, nayo itakurudishia kilichozidi. Asiyefanya hivyo hulipa kilomita asizozisafiri, na hakuna atakayemkumbusha.

Siku ya kwanza nifanye nini?

Usiende kuona kitu chochote. Najua ushauri huu unamkera mtu aliyelipa nauli kubwa, lakini mgeni aliyeshuka kwenye ndege ya usiku kutoka Nairobi au Dar es Salaam, akaenda moja kwa moja kusimama kwenye foleni ya jumba la makumbusho, huona visogo vya watu na si jumba.

Panda tramu ya T1 hadi Eminönü, karibu na daraja la Galata, ambapo wavuvi husimama na mishipi yao kuanzia alfajiri hadi usiku. Kutoka hapo chukua chombo cha abiria, wanachokiita "vapur", hadi Kadıköy. Safari huchukua dakika 20 hivi, nauli yake ni ya Istanbulkart kama ya basi, na ndani ya muda huo utaiona kwa mara moja picha ambayo vitabu vya wageni huieleza kwa kurasa nyingi: kasri la Topkapı juu ya rasi, kuba na minara ya Ayasofya nyuma yake, mnara wa Galata upande wa pili, na meli za mafuta zikipita katikati ya mji kana kwamba ni malori ya barabarani. Kaa nje upande wa kulia unapotazama mbele. Nunua "simit", mkate wa duara wenye ufuta, na chai ya kikombe kidogo cha kioo; kipande cha mkate utakachokirusha juu kitadakwa na shakwe kabla hakijagusa maji. Gati za Eminönü zimepangana na kila moja ina jina la inakokwenda, kwa hiyo soma kibao kabla ya kugusisha kadi. Mwandishi wa maelezo haya aliwahi kupanda chombo cha Üsküdar akidhani ni cha Kadıköy, akaishia kunywa chai mbele ya Mnara wa Msichana, na hakujuta.

Kurudi unaweza kutumia Marmaray, treni inayopita chini ya Bosporus tangu Oktoba 2013. Kutoka Üsküdar hadi Sirkeci ni dakika nne tu. Ni ajabu ya uhandisi, lakini dirishani hakuna cha kuona ila giza.

Saa za huko zinatofautiana na zetu?

Kwa msomaji wa Kenya, Tanzania au Uganda, hapana. Tangu 2016 Uturuki haibadilishi saa zake, na mwaka mzima hulingana na Afrika Mashariki. Anayetoka Rwanda, Burundi au mashariki ya Kongo ataongeza saa moja.

Kinachobadilika ni jua. Sisi tumezoea jua linalochomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, na hesabu yetu ya saa imejengwa juu ya uaminifu huo. Istanbul, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi. Mwishoni mwa Juni huzama baada ya saa mbili na nusu usiku. Neno lao la saa ni "saat", linafanana na letu kwa sababu yote mawili yametoka Kiarabu, lakini wao huhesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiambiwa "saat üç", yaani saa yenye tarakimu tatu, na ikawa ni ahadi ya mchana, kwetu hiyo ni saa tisa alasiri. Usimkubalie mtu miadi kwa mdomo. Mwombe aandike tarakimu.

Sijui Kituruki hata neno. Nitaelewana nao vipi?

Unajua zaidi ya unavyodhani. "Dakika" ni dakika. "Kitap" ni kitabu, "sabun" ni sabuni, "haber" ni habari, "dünya" ni dunia, "dükkân" ni duka, na "çay" hutamkwa chai. Ukimaliza kula, sema "hesap", na mhudumu atakuletea hesabu yako. Salamu ya kawaida ni "merhaba", ambayo ni ndugu wa marahaba yetu, ila huko haisubiri shikamoo: ndiyo inayofungua mazungumzo, na anayeitamka huwa mkubwa au mdogo.

Heshima ya kuitana nayo utaikuta. Mwanamume anayekuzidi umri kidogo huitwa "abi", mwanamke "abla", kama tunavyosema kaka na dada, na mzee wa kiume asiyefahamika huitwa "amca", neno ambalo limejengwa juu ya mzizi ule ule wa ami wetu. Muuzaji akikuita "abi" hajakosea adabu. Maneno ya vibao ya kuyashika mapema ni machache: "giriş" ni kuingia, "çıkış" ni kutoka, "kapalı" ni kumefungwa. Msalani "Bay" ni wanaume na "Bayan" ni wanawake, na herufi hizo mbili za ziada zimewaaibisha wengi.

Katika misikiti na majengo ya kale nianze na lipi?

Wengi huanza na Ayasofya, na hawakosei. Ilikamilika kama kanisa mwaka 537, ikageuzwa msikiti Sultani Mehmed wa Pili alipouteka mji mwaka 1453, ikafunguliwa kama makumbusho mwaka 1935, na tangu Julai 2020 ni msikiti tena. Watalii huingia kwa mlango wao, hulipa kiingilio, na hupelekwa kwenye roshani ya juu. Wanaokwenda kuswali huingia chini kwa mlango mwingine bila malipo. Mkabala wake uko msikiti wa Sultanahmet, uliojengwa kuanzia 1609 hadi 1616 na kuwa na minara sita. Huo hauna kiingilio, lakini hufungwa kwa wageni wakati wa swala, na Ijumaa asubuhi yote haifai kupangiwa ziara.

Mimi ningemwelekeza mgeni kwenye msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu majengo Mimar Sinan iliyokamilika mwaka 1557. Uko juu ya kilima, msongamano wake ni mdogo, na kutoka ukumbi wake wa nje unaiona Haliç yote na Bosporus kwa mbali. Ukikaa pale saa moja utakuwa umeuelewa mpangilio wa mji kuliko aliyezunguka siku nzima kwa basi la watalii.

Kila msikiti una masharti yale yale: viatu huvuliwa, wanawake hufunika nywele, na suruali fupi haikubaliki. Muislamu wa pwani yetu, ambaye aghalabu ni Mshafii, atagundua tofauti ndogo mara imamu anapomaliza Alhamdu. Waturuki wengi ni Wahanafi, nao huitikia Amin kimoyomoyo. Wageni kutoka Zanzibar na Lamu huijua siku yao ya kwanza kwa sauti yao wenyewe iliyosikika peke yake msikiti mzima. Hakuna anayekasirika.

Panga pia siku zako kwa kuangalia zilizofungwa: Topkapı hufungwa Jumanne, kasri la Dolmabahçe hufungwa Jumatatu, na soko la kale lililoezekwa, Kapalıçarşı, hufungwa Jumapili.

Nitakula nini, hasa nikishachoka na nyama ya kuchoma?

Tafuta mahali palipoandikwa "lokanta", hasa "esnaf lokantası", yaani mgahawa wa mafundi na wenye maduka. Vyakula huwa vimepangwa nyuma ya kioo vikiwa tayari, nawe unanyoosha kidole. Hapo utakutana na "pilav" na "kuru fasulye", ambavyo mbele ya Mswahili yeyote ni wali na maharage, vimepikwa kwa siagi na nyanya, na havihitaji maelezo. Supu ya dengu, "mercimek", hupatikana asubuhi hadi usiku na hushibisha kwa fedha kidogo. Nenda saa sita mchana. Jioni masufuria mengi huwa yamekauka.

Ugali hutaukuta kwenye mgahawa wa Kituruki. Dukani kuna unga wa mahindi uitwao "mısır unu", lakini mwingi ni wa rangi ya njano, na mwenye mazoea ya sembe atauona mgeni. Migahawa ya Kihabeshi na ya Kisomali iko maeneo ya Aksaray, na mtaa wa Kurtuluş, nyuma ya Osmanbey, una Waafrika wengi wa kukuelekeza palipo na chakula cha nyumbani. Chai hunywewa kavu. Ukiomba maziwa ndani yake utaletewa, pamoja na jicho la huruma.

Maji ya bomba wenyeji wengi hawayanywi; nunua ya chupa.

Je, barabarani kuna hatari gani kwa mgeni wa kwetu?

Magari hupita kulia. Anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda hutazama upande usiofaa kabla ya kuvuka, na mazoea hayo ya miaka thelathini hayatoki kwa siku tatu. Tazama pande zote mbili hata kwenye njia moja, kwa sababu pikipiki za kupeleka chakula hazina mwelekeo.

"Dolmuş" ni kitu gani?

Ni daladala. Neno lenyewe maana yake ni kilichojaa, na gari haliondoki mpaka lijae. Hakuna utingo: nauli hupitishwa mkono kwa mkono kutoka kiti cha nyuma hadi kwa dereva, na chenji hurudi kwa njia hiyo hiyo bila kupungua. Ukitaka kushuka sema "inecek var", yaani kuna anayeshuka.

Nimekuja kununua bidhaa. Nianzie wapi?

Si Kapalıçarşı. Soko hilo la karne ya 15 ni la kutembelea, kunywa chai na kununua zawadi mbili tatu baada ya kupatana. Mzigo wa nguo uko Laleli, Merter na Osmanbey, na kwa jumla Osmanbey huelekea zaidi nguo za bei ya juu. Neno la kulijua ni "toptan", yaani jumla. Rejareja ni "perakende", na maduka mengi ya Laleli hayauzi hivyo. Huuza kwa "seri", furushi lenye vipimo kadhaa vya nguo ile ile, kwa hiyo usitegemee kuchagua vipimo vikubwa tu kwa kuwa wateja wako ni kina mama wa Kiswahili. Uliza idadi na vipimo vilivyomo ndani ya seri kabla ya kuuliza bei.

Siku ya kwanza ya soko tembea bila kununua, ukiandika bei na jina la mtaa, kwani nguo hiyo hiyo huonekana kwenye maduka matano yenye bei tano. Kwa ofisi ya mizigo, uliza kwa wafanyabiashara wa nyumbani waliokwisha kupokea mzigo wao, na si waliokwisha kuutuma tu.

Fedha nibadilishe wapi?

Uwanja wa ndege badilisha kidogo tu. Maduka ya fedha yaliyoandikwa "döviz" katika Sirkeci, Laleli na kandokando ya Kapalıçarşı hutoa kiwango bora zaidi. Njoo na dola au euro. Usitegemee kubadilisha shilingi. Usigeuze zote kwa mara moja.

Walaghai wana mbinu gani?

Ya kale kuliko zote ni ya msugua viatu anayepita mbele yako na kuangusha brashi. Ukiiokota na kumwita, atashukuru kupita kiasi, atasisitiza kukusugulia viatu kwa hisani, kisha atadai malipo. Iache brashi chini. Ya hatari zaidi iko karibu na Taksim usiku: mtu mchangamfu, aliye peke yake kama wewe, anayekualika baa anayoifahamu, na hesabu ya vinywaji ikija ni ya mamia ya dola huku mlangoni wamesimama vijana wenye vifua vipana. Mwenye nia njema atakubali kunywa chai mahali ulipopachagua wewe.

Kwenye teksi hakikisha mita imewashwa, na fuatisha njia kwenye simu yako bila kuificha. Noti kubwa kuliko zote ni ya lira 200. Itaje kwa sauti unapoitoa.

Watu watanitazama kwa sababu ya rangi yangu?

Katika Sultanahmet na Taksim, si sana. Katika mitaa ya pembeni, ndiyo, na utaulizwa kama wewe ni Msomali au Mnigeria kabla hujaulizwa jina. Utasikia pia neno "zenci", mtu mweusi, ambalo wengi hulitamka bila nia mbaya ingawa wengine huliona la kudunisha. Kwa masikio yetu lina mwangwi wa ajabu, kwa kuwa linatokana na Zanj, jina ambalo mabaharia wa Kiarabu na Kiajemi waliliita pwani yetu na ambalo limo ndani ya jina la Zanzibar. Wazee wengine humwita mtu mweusi "Arap". Polisi huweza kukusimamisha kuomba vitambulisho, hasa Aksaray, kwa hiyo tembea na pasipoti yenyewe.

Paka, kwa upande wao, hawabagui. Wamejaa mitaani kama Lamu, wanalishwa na kila mtu, na kiti alichokalia paka mgahawani huhesabiwa kuwa kimechukuliwa.

Simu yangu itafanya kazi?

Itafanya. Laini ya Turkcell, Vodafone au Türk Telekom husajiliwa kwa pasipoti, na ukinunua mjini badala ya uwanja wa ndege utalipa pungufu. Anayekuja kusoma ajue kwamba simu iliyoletwa kutoka nje, ikitumia laini ya Kituruki kwa zaidi ya siku 120, hufungiwa mtandao hadi isajiliwe na kulipiwa ada kubwa.

Nikiugua, au nikipoteza pasipoti?

Namba ya dharura ni 112 kwa gari la wagonjwa, polisi na zimamoto. Duka la dawa ni "eczane", lenye alama ya herufi E nyekundu, na usiku kila eneo huwa na moja la zamu. Kila duka lililofungwa hubandika mlangoni jina na anwani ya lililo wazi.

Pasipoti ikipotea, anza kituo cha polisi upate hati ya kupotelewa. Balozi za Kenya, Tanzania na Uganda ziko Ankara na si Istanbul, mwendo wa saa nne na nusu hivi kwa treni ya kasi, kwa hiyo piga simu kwanza uambiwe uende na karatasi zipi. Picha ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti na ya muhuri wa kuingilia, iliyotumwa mapema kwa ndugu aliye nyumbani, hupunguza safari hiyo kwa siku nzima.